Daftari la Wiki: Kurasa Sita, Simu Moja

Jumatatu asubuhi, katika daladala la Makumbusho kwenda Bagamoyo, nilikaa nyuma ya barubaru mmoja aliyekuwa akimweleza sahibu yake, kwa sauti iliyotunufaisha abiria wote, kwamba ana kurasa tano mtandaoni: ya mapishi, ya uchambuzi wa mpira, ya mawaidha ya ndoa (yeye hajaoa), ya viwanja vinavyouzwa, na ya vichekesho. Hayo aliyasema tukiwa Bunju. Tulipofika Kerege alikuwa amekwisha kufungua ya sita.

*

Nimebonyeza kengele ya chaneli, kisha nikaombwa niibonyeze tena. Laiti ningemjua aliyewafundisha vijana wetu kumdai mgeni zawadi kabla hajakaribishwa kukaa!

*

Nimeulizwa tena, kama ninavyoulizwa kila panapozungumzwa riziki ya mtandaoni, ikiwa Kili Paul hakubahatika tu. Jawabu langu ni refu, na mwenye haraka ana ruhusa ya kuruka mpaka nyota inayofuata.

Yusuf Kimesera, ambaye dunia inamjua kwa jina la Kili Paul, ni mfugaji wa Kimasai wa Mindu Tulieni, kijiji cha upande wa Lugoba, bara ya wilaya yetu hii hii ya Bagamoyo, mahali ambapo, alipoanza kuvuma, hapakuwa na umeme, na simu ilipokwisha chaji sharti ipelekwe Lugoba. Mwaka 2021, akiwa amejitanda shuka lake, pamoja na dada yake Neema, alifuatisha kwa midomo wimbo wa “Raataan Lambiyan” wa filamu ya Kihindi ya Shershaah, kwa usahihi uliowaduwaza wenye lugha yao. Februari 2022 ubalozi wa India jijini Dar es Salaam ukamtunuku, na tarehe 27 ya mwezi ule ule Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja ndugu hao wawili katika hotuba yake ya redio ya kila mwezi.

Bahati ilikuwapo, na anayeikanusha hana adabu mbele ya Mola wake. Lakini bahati ile ilimkuta akifanya jambo moja, wimbo na midomo na ngoma, katika uwanda ule ule na mavazi yale yale; hakuanza kwa kutuuzia viwanja wala kwa kutuchambulia mpira. Wapo wanaosema kwamba ufukara wa umeme ndio uliomtuliza, nami huiona hoja hiyo kuwa ni ya watu walioshiba, kwa maana ufukara umejaa tele toka Mlingotini hadi Saadani, na istikama haikuongezeka kwa sababu yake.

Kilichomfaa, kwa nadhari yangu, ni ng'ombe. Mtu ambaye chakula chake cha jioni hakikutegemea video ya asubuhi aliweza kurudia jambo lile lile kwa muda mrefu bila ya kupapatika, ilhali kijana wa mjini aliyeacha kazi ya duka ili “akomae na mtandao” hana uwezo wa kungoja, na asiyeweza kungoja hubadili mada kila Alhamisi. Hebu tazama hesabu yenyewe: YouTube haigawi fedha za matangazo mpaka chaneli ipate waliojiandikisha 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zake zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90. Ni nani atakayelipa kodi ya chumba katika wakaa huo? Tunawahutubia vijana juu ya nidhamu na azma, wakati aghalabu wanachokosa ni mshahara wa mahali pengine. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 mpaka 1944, na baada ya hapo akaendelea kula mkate wa ofisi nyingine za serikali huku akiandika. Sijapata kusikia mtu akimlaumu kwa kukosa umakini kwa sababu ya meza ile.

Wala sisemi kwamba umaarufu ulikuja na asali tupu. Mwaka huo huo wa 2022 Kili Paul alieleza mwenyewe jinsi alivyovamiwa na watu watano wenye kisu na fimbo, wakamjeruhi. Wale wanaoniuliza juu ya bahati hawaniulizi juu ya hilo.

*

Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 juu ya malipo ya watengeneza maudhui mtandaoni. Basi serikali imekwisha kuitambua kazi hii. Baba wakwe bado.

*

Soko la samaki, Bagamoyo, majahazi yametia nanga na dalali amesimama juu ya nguru wa haja. Kijana wa video amepiga goti kwenye mchanga wenye magamba, simu ameishika kwa mikono miwili, mkao ambao mpiga picha yeyote angeusifu. Dalali anapandisha bei, wachuuzi wawili wanachuana, mama wa kukaanga samaki ameweka karai lake chini asikose kusikia. Hapo simu ikalia kidogo. Kijana akaitazama, akatabasamu, akaanza kusoma waliompenda na waliomtukana katika video ya jana, kidole kikipanda na kushuka.

“Mwanangu,” akasema yule mama, “samaki kashauzwa.”

“Naam, mama, nakuja.”

Nguru alikuwa amekwisha kupandishwa kwenye pikipiki.

*

Ya Oktoba 29, 2025 hayahitaji kusimuliwa, na walioondokewa na watu wao katika siku zile hawahitaji kusikia habari za biashara. Hata hivyo intaneti ilipozimwa siku ile ya uchaguzi, binti mmoja wa mtaani kwetu anayeuza keki kwa njia ya Instagramu aligundua kwamba hana hata namba moja ya mteja iliyoandikwa mahali. Tulikuwa tumekwisha kuonywa tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, tukakaa gizani tukiwalaumu wauza vocha. Sasa binti ana daftari la karatasi. Nimemsifu mpaka akaona haya.

*

Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda hapa hapa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 kikatoka kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho kalamu yake ilikitumikia pakubwa, na jina juu ya jalada likawa la Carl Velten. Enyi vijana, andikeni majina yenu juu ya video kabla hazijapakuliwa na wengine.

*

Kengele tena! Safari hii ni ya shehe.

*

Magofu ya Kaole yana msikiti unaohesabiwa kuwa ni wa karne ya 13. Nimetazama video iliyoahidi kuyaeleza yote, dakika baada ya dakika, na mwenye video, kijana mwenye wajihi mzuri na ufasaha wa kutosha, akaujaza uso wake kioo kizima toka mwanzo hadi tamati. Msikiti niliuona kidogo, nyuma ya sikio lake la kushoto.