Mkono, Sikio na Umri wa Kuanza Shule

Wazee wengi nchini Tanzania wanakikumbuka kipimo cha siku ya kuandikishwa shule: mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa, ashike sikio la upande wa pili. Aliyelifikia aliandikishwa. Aliyeshindwa alirudishwa nyumbani kungoja mwaka mwingine, huku wenzake wakimcheka.

Kwa kawaida mkono hufika sikioni mtoto akiwa na miaka sita au saba; lakini kinachopimwa hapo ni ukuaji wa mwili, si umri. Hivyo aliyedumaa kwa lishe duni na maradhi ya mara kwa mara alinyimwa pia darasa.

Kipimo kimeachwa, udumavu ungalipo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Watoto hao ndio wanaoingia darasa la kwanza kila Januari, na mwalimu huwapanga mstari wa mbele kwa ufupi wao bila kuuliza zaidi. Hapo ndipo mhudumu wa afya anapohitajika, na futi yake ya kupimia kimo, naye mzazi aje na kadi ya kliniki, si sare na madaftari tu.