Kibali si cha nyumba mpya tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo linalotusumbua wakaazi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, yaani kutengeneza nyumba bila ya kibali.

Wengi wetu tunadhani kibali ni cha mtu anayejenga nyumba mpya. Anayebomoa ukuta wa ndani, anayepanua dirisha apate duka, anayeng'oa mlango wa kuchonga au anayeongeza chumba juu ya paa, husema: "Nyumba yangu, fedha zangu, nani wa kuniuliza?" Kumbe kazi kama hizo zinahitaji idhini ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985. Ni kweli mji huu umo katika urithi wa dunia tangu mwaka 2000, lakini leo sizungumzii watalii. Nazungumzia roho za watu.

Nyumba zetu si za matofali ya saruji na nondo. Kuta ni za mawe ya matumbawe, chokaa na mchanga, na sakafu za juu zimelala juu ya boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Boriti haivuki mbali, mita tatu hivi basi. Mara nyingi ukuta mmoja unabeba nyumba mbili. Ukiutoa wa chini, boriti za jirani zitalalia nini?

Mimi mwenyewe ni mkosa. Miaka michache iliyopita lipu ya ukuta wangu ilikuwa ikimomonyoka, fundi akaniambia dawa yake saruji. Sikuuliza mtu, nikaona ni lipu tu. Masika mawili hayakupita, ukuta ukavimba, ukatoa chumvi, na lipu ikaanguka pamoja na mawe. Fundi mzee wa chokaa alipofungua alikuta vichwa vya boriti vimeoza ndani ya ukuta. Alinieleza kwamba chokaa huyaachia maji yatoke, saruji huyafungia humo humo. Nililipa mara mbili. Bibi anayekaa juu yangu alihama mwezi mzima na wajukuu zake, kwani boriti zile ndizo sakafu yake. Mpaka leo nikikutana naye ngazini naona haya.

Tusisahau Beit al Ajaib, jumba la mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka huku likifanyiwa matengenezo, na watu wawili walifariki. Ikiwa jumba kama lile linaweza kuanguka, sembuse nyumba zetu tunazozikabidhi kwa fundi wa kuokota barazani?

Lakini wahusika nao wasituachie mzigo wote. Mpangaji wa nyumba ya wakfu atajuaje lipi lina kibali na lipi halina? Na paa likivuja usiku wa masika, asubiri karatasi? Naomba orodha ya kazi hizo ibandikwe kwa kila sheha, kwa Kiswahili chepesi, na matengenezo madogo ya dharura yajibiwe kwa siku chache, si kwa miezi. Vile vile watuonyeshe pa kupata chokaa iliyoiva vizuri. Saruji ipo kila duka. Kumkataza mtu saruji bila kumwonyesha chokaa ni kumrudisha kwenye saruji kwa mlango wa nyuma.

Jambo la mwisho, fomu ya maombi isikubaliwe mpaka jirani wa juu, wa chini na wa ukuta mmoja wameelezwa kazi yenyewe. Bibi yule angeulizwa, nadhani angenizuia.

Mkaazi wa Malindi,
Mji Mkongwe, Unguja.