Usiache Kazi Ndio Uombe Masta

Wacha nijiseme kabla hamjanisema: mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Kozi yenyewe ilikuwa takwimu. Kwa hivyo ndiyo, msee ambaye hakumaliza digrii ya takwimu anataka kuwaambia kitu kuhusu kuomba masta ya takwimu. Cheka, alafu tuendelee.

Mwaka jana nilitoa video nikasema hivi: kama kweli unataka masta, acha kazi, jipe muda, fuata ndoto. Ikashika. Watu wakaituma kwa magrupu. Dadangu mkubwa pia akaiona, na yeye ndiye analipa kodi ya hii keja ninayorekodia. Wiki mbili baadaye nikatumia laptop yake, nikapata barua ya kuacha kazi. Imeandikwa vizuri kabisa. Imebaki tu tarehe na sahihi.

Leo nakuja kufuta kauli yangu.

Siz alimaliza digrii ya takwimu, second upper. Saa hii anafanya kazi kwa kampuni ya mikopo huko Upper Hill. Kazi yake ni kusafisha data: mteja mmoja ameandikwa mara tatu, mwingine amezaliwa mwaka wa 2091, mwingine analipa deni ambalo hakukopa. Anatoka Githurai kabla jua halijachomoza, anarudi saa mbili usiku kama jam ni ya kawaida. Mshahara ukiingia, HELB wanakata yao, kodi inaenda, karo ya lastborn inaenda, mathe anatumiwa. Kinachobaki ndicho cha nauli na ndoto.

Sasa mtu kama huyo ukimwambia "chagua moja", unamwambia nini hasa? Ati achague kati ya masta na karo ya mtoto? Nilimuuliza mimi mwenyewe, kabla ya ile video, "Siz, si uachane na hiyo job usome?" Akaniangalia tu. "Na kodi tutalipa na laiki zako?"

Nilicheka. Nilifaa kusikia.

Mwezi wa kumi na mbili alikuwa anaomba chuo kimoja Marekani, upande wa mashariki. Kazini ilikuwa wakati wa kufunga ripoti za mwaka. Siku ya mwisho akafika nyumbani saa tatu usiku, akakaa na laptop kwa kitanda, akamalizia insha ya kujieleza. Saa sita ikagonga ukurasa mmoja haujajazwa. Akafunga laptop, akalia kidogo, akalala. Alidhani amechelewa.

Wasee, hakuwa amechelewa. Ile saa tano na dakika 59 usiku ilikuwa ya kwao, si ya Nairobi. Wakati huo wa mwaka sisi tuko mbele yao kwa masaa manane. Fomu ilifungwa saa moja na dakika 59 asubuhi, akiwa kwa mat. Alilala akiwa na karibu masaa manane mkononi. Alikuja kugundua akiwa kazini, na hapo hauwezi hata kulia juu bosi anapita.

Hapo ndipo akaandika ile barua. Na ukiangalia haraka utasema: unaona, kazi ndiyo ilimwangusha. Mimi pia nilisema hivyo. Lakini tulivyokaa chini tukahesabu, kazi haikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa tatu: alianza kuchelewa, aliomba barua za walimu wiki mbili kabla ya siku ya mwisho, na alikuwa peke yake. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotibiwa na kuacha kazi. Ukiacha kazi unapata muda, sawa, lakini unapoteza ada ya maombi, pesa ya mtihani wa Kiingereza, bando, na usingizi.

Na kuna kitu kingine ambacho watu hawasemi: kwa takwimu, kazi yako ni sehemu ya maombi yako. Vyuo kadhaa hapa nyumbani, kama ulipata second lower, vinakutaka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka kama miwili ndio wakuangalie. Chevening, ile skola ya kwenda Uingereza masta ya mwaka mmoja, inataka masaa 2,800 ya kazi. Piga hesabu: masaa 40 kwa wiki, hiyo ni wiki 70. Siz anayo tayari. Anayo kwa sababu ya hiyo kazi niliyomwambia aache. Kila mtu anayeomba atasema anapenda data. Wangapi wanaweza kuandika kuhusu mteja aliyezaliwa 2091, na venye walimgundua?

Sasa wacha nitumie ile takwimu kidogo niliyobaki nayo. Tuseme kila ombi lina nafasi ya 20 kwa 100. Ukituma matano, nafasi ya kupata angalau moja si 100 kwa 100, ni kama 67. Inakaa poa, si ndiyo? Lakini hiyo hesabu ni kweli tu kama maombi hayategemeani. Ukituma maombi 12 na insha ileile mbovu na barua ileile ya mwalimu asiyekukumbuka, hujarusha sarafu mara 12. Umerusha mara moja, ukakopi jibu. Kwa hivyo kwa mtu wa kazi, manne yaliyofanywa vizuri yanashinda 12 ya saa sita usiku.

Tukakaa tukapanga upya. Hivi ndivyo Siz anafanya safari hii.

Kwanza barua. Anaomba miezi minne kabla, na hamwachii mwalimu kazi ya kukumbuka. Anamtumia CV, matokeo, mradi wa mwaka wa nne na tarehe za mwisho kwa karatasi moja. Mwalimu mmoja alinyamaza wiki tatu, tukaacha kumngoja, tukatafuta mwingine. Barua ya tatu anaandikiwa na msimamizi wake kazini, mtu anayemwona kila siku.

Pili, siku mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, lisaa limoja na nusu. Jumamosi asubuhi anarudia hesabu: kalkulasi, matrisi, probabiliti. Masta ya takwimu haitaki ujue tu kubonyeza programu. Watataka kuona hizo hesabu kwa matokeo yako, na kama zilikuwa C, watataka kuona umefanya nini tangu hapo.

Tatu, anachagua kulingana na maisha yake. Kuna masta hapa Nairobi za jioni na wikendi, kwa hizo hakuna haja ya kuacha kazi kabisa. Chuo Kikuu cha Hasselt, Ubelgiji, kina masta ya takwimu na sayansi ya data ambayo unaweza kusoma ukiwa mbali. AIMS, iliyoanzia Muizenberg, Cape Town, mwaka wa 2003 na sasa ina kituo Rwanda pia, ni ya kukaa hukohuko na kusoma muda wote. Marekani nako, masta mara nyingi unajilipia, lakini PhD ya takwimu unaweza kuomba ukiwa na digrii ya kwanza tu, na nyingi zinakulipa posho huku ukifundisha. Wengi hapa mtaani hawajui hiyo. Na ada ya maombi ikikulemea, andikia chuo barua pepe uombe usamehewe. Wengine watakataa. Kuuliza ni bure.

Nne, kila tarehe ya mwisho imeandikwa kwa ukuta, kwa saa ya Nairobi.

Najua mwenye atasema: kuna kazi zingine haziwezekani. Zamu ya masaa 12, bosi anapiga simu Jumapili. Ni kweli, na siwezi kukudanganya ati panga tu muda wako. Kwa kazi kama hiyo, labda jibu ni kutafuta kazi nyingine kwanza, au kuomba mwaka ujao. Na masta ya muda wote ikikukubali, siku ya kuondoka itafika. Lakini ondoka ukiwa na barua ya kukubaliwa mkononi na mahali imeandikwa nani analipa. Usiondoke ukiwa na video yangu.

Mimi niliacha chuo kwa sababu karo ilikosa, nikasema ni ndoto ya kontenti. Hadithi ya pili inauza kuliko ya kwanza. Siz hakuwahi kunisuta kwa hilo. Alilipa tu kodi, mwezi baada ya mwezi, akaniacha nirekodi. Alafu mimi nikaenda kuambia watu kama yeye waruke bila kuangalia chini.

Kwa hivyo hii ya mwisho si ya wanaoomba. Ni yetu sisi tunaoishi nao. Kama kuna mtu kejani anafanya kazi na anaomba masta, usimpe motisha. Ana motisha ya kutosha. Mpe lisaa. Pika. Osha vyombo. Soma insha yake umwambie mahali haueleweki. Amka saa kumi na moja umkumbushe kuna fomu.

Tarehe ya kwanza ni tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili. Barua mbili kati ya tatu zimeshaingia. Ile barua ya kuacha kazi bado iko kwa laptop, na sasa tunajua itatumwa lini.

Leo ni Alhamisi. Niko na sufuria za ugali zinaningoja.