Mwogeleaji wa ziwani anapopanda Nairobi: maandalizi huanza na kalenda

Wasikilizaji wetu wamezoea kusikia kwamba nyanda za juu za Kenya na Ethiopia ndizo shamba la mabingwa. Mkimbiaji aliyelelewa Iten, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 2,400 juu ya usawa wa bahari, hushuka kwenda kushindana na dunia na kurejea na medali. Lakini mwogeleaji wa Bujumbura, Kigoma, Dar es Salaam au Mombasa anapopanda kwenda kushindana Nairobi, huonja upande wa pili wa mwinuko huo huo. Hufika akiwa na muda mzuri alioupata nyumbani, hujitupa majini kwa matumaini, na katika mita 50 za mwisho za mbio za mita 200 mikono huwa mizito na kifua hubana. Akitoka majini huambiwa kwamba hakufanya mazoezi ya kutosha. Mara nyingi kosa si lake.

Suala hili linaigusa kanda yetu moja kwa moja. Burundi, Rwanda, Uganda, Tanzania, Kenya na Ethiopia zimo katika Kanda ya Tatu ya mchezo wa kuogelea barani Afrika, na miji yao imetofautiana sana kwa mwinuko. Dar es Salaam na Mombasa ziko usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko mita zipatazo 770, Kampala mita 1,200 hivi, Kigali zaidi ya mita 1,500, Nairobi takriban mita 1,700, na Addis Ababa mita zaidi ya 2,300. Nairobi ilipokea Michezo ya Afrika mwaka 1987 na ubingwa wa Afrika wa kuogelea mwaka 2012. Kwa hiyo kila kizazi cha waogeleaji wetu hujikuta, mapema au baadaye, kikiogelea katika hewa ambayo hakikuizoea.

Hewa nyepesi, maji yale yale

Sehemu ya oksijeni katika hewa haibadiliki kwa mwinuko huu; ni asilimia 21 pwani na Nairobi vilevile. Kinachopungua ni kani ya hewa, na hivyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Ikilinganishwa na pwani, upungufu huo ni karibu asilimia 9 kwa Bujumbura na karibu asilimia 18 kwa Nairobi. Ndiyo kusema kwamba Mrundi anayepanda Nairobi amekwisha kupanda nusu ya mlima kabla ya kuondoka nyumbani, ilhali Mtanzania wa Dar es Salaam anaupanda wote.

Katika riadha hewa nyepesi ina fidia yake. Mkimbiaji wa mbio fupi na mruka chini hupata upinzani mdogo wa hewa, na ndiyo sababu mojawapo ya rekodi nyingi za mbio fupi na miruko kuvunjwa katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968. Mwogeleaji hana fidia ya namna hiyo, kwa kuwa maji ya Nairobi ni mazito sawa na maji ya Mombasa. Zaidi ya hayo, mkimbiaji huvuta pumzi apendapo; mwogeleaji uso wake umo majini, na pumzi huisubiri zamu yake kati ya pigo moja la mkono na jingine.

Funzo la Mexico

Mashindano ya kuogelea ya mwaka 1968 yalifanyika kwenye mita 2,240, na matokeo yake yangali darasa kwa kila kocha. Michael Wenden wa Australia alishinda mita 100 za mtindo huru kwa rekodi ya dunia ya sekunde 52.2. Mwinuko haukumzuia, kwa sababu katika mbio fupi misuli hutumia kwa sehemu kubwa nguvu iliyokwisha kuhifadhiwa ndani yake.

Mbio ndefu zilisimulia hadithi nyingine. Mmarekani Mike Burton, ambaye wiki chache kabla alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 16 na sekunde 8.5, alitwaa dhahabu kwa dakika 16 na sekunde 38.9. Alikuwa nyuma ya rekodi yake kwa nusu dakika nzima, na bado alikuwa bingwa. Mwenzake Debbie Meyer, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mita 800 ya dakika 9 na sekunde 10.4, alishinda kwa dakika 9 na sekunde 24.0. Mabingwa hawa waliusalimu mwinuko, wakakubali kupoteza asilimia mbili au tatu ya kasi, na wakahakikisha kwamba wapinzani wanapoteza zaidi yao.

Tarehe ya kuwasili

Uamuzi wa kwanza wa maandalizi haufanyiki bwawani. Hufanyika ofisini, siku tiketi zinapokatwa. Mwili ukifika juu huongeza pumzi na mapigo ya moyo papo hapo, hupoteza maji kwa haraka, na usingizi wa siku za mwanzo huwa wa mang'amung'amu. Kwa wengi siku ngumu zaidi ni kati ya siku ya pili na ya saba. Nafuu huonekana kuanzia wiki ya pili, na ongezeko la maana la chembe nyekundu za damu huhitaji wiki tatu au zaidi.

Kutokana na hayo makocha wamekuwa na njia mbili: kufika angalau wiki mbili mapema, au kufika karibu kabisa na shindano kabla uchovu haujajikusanya. Njia ya pili ni rahisi kwa mfuko, lakini ina mtego. Mashindano ya kanda huchukua siku kadhaa. Anayefika usiku wa kuamkia ufunguzi huweza kuogelea vizuri siku ya kwanza, kisha fainali za siku ya tatu na ya nne zikamkuta katikati ya siku zake mbaya. Njia hiyo inamfaa mwogeleaji wa mbio moja au mbili za mwanzo. Haimfai mtoto aliyeandikishwa katika mbio sita.

Iwapo fedha haitoshi kwa wiki mbili, siku saba au nane zingali bora kuliko tatu, mradi siku za mwanzo ziwe za mazoezi mepesi. Seti ndefu zipunguzwe, na mapumziko kati ya mizunguko yaongezwe: aliyezoea kupumzika sekunde 15 apewe 25 au 30. Mbio kali za mita 25 zibaki, ili misuli isisahau kasi. Maji ya kunywa yawe karibu muda wote, kwa maana mwogeleaji hahisi jasho lake.

Kuogelea kwa hesabu

Mpango wa mbio nao hubadilika. Katika mita 50 hakuna la kugeuza. Katika mita 100 mwanzo ni ule ule, ila mwogeleaji ajue kwamba mwisho utauma. Kuanzia mita 200, robo ya kwanza iogelewe polepole kwa makusudi, kwa sababu deni la oksijeni linalokopwa mapema halilipiki njiani. Anayemaliza mita 400 kwa dakika 5 nyumbani asikate tamaa Nairobi ikimwongezea sekunde kama tano. Wenzake waliotoka chini nao wameongezewa.

Katika mtindo huru, anayezoea kuvuta pumzi kila baada ya mapigo matatu au manne ya mikono avute kila baada ya mawili, na aanze hivyo tangu mita za kwanza. Kanuni zinaruhusu kubaki chini ya maji hadi mita 15 baada ya kugeuka ukutani. Katika mbio ndefu za juu ni busara kuibuka mapema. Na jambo moja lipigwe marufuku kabisa: mashindano ya kubana pumzi chini ya maji. Mtu aliyevuta pumzi nyingi za haraka kisha akazama anaweza kuzimia bila onyo lolote, na hewa ya juu huongeza hatari hiyo.

Damu kabla ya mazoezi

Katika maeneo yetu ya ziwa na pwani malaria ni jambo la kawaida, na malaria hula damu. Mwili usio na madini ya chuma hauwezi kutengeneza chembe mpya hata ukikaa juu mwezi mzima. Kwa hiyo kipimo cha wingi wa damu, wiki sita hivi kabla ya safari, kina thamani kuliko suti mpya ya kuogelea, hasa kwa wasichana. Maharage, lengalenga, ndagala na nyama husaidia. Vidonge vitolewe kwa ushauri wa daktari.

Kipimo cha pili ni cha selimundu. Mwenye ugonjwa huo asipelekwe kushindana juu bila idhini ya daktari. Hata aliyerithi chembe hizo kwa mzazi mmoja tu, ambaye kwa kawaida huishi bila dalili, anaweza kupata madhara ya bandama au kuzidiwa ghafla pale hewa nyepesi, upungufu wa maji na juhudi kali vinapokutana. Kocha anayejua hali hiyo atamnywesha maji, atampumzisha, na atasikiliza haraka malalamiko ya maumivu ya ubavuni. Asiyejua atamwambia ajikaze.

Nani alipe gharama?

Hapa ndipo suala la hewa linapogeuka suala la haki. Muda wa kufuzu Michezo ya Olimpiki haupunguzwi kwa sababu ya mwinuko: sekunde za Nairobi huhesabiwa sawa na za Dar es Salaam. Marekani, katika michezo ya vyuo vikuu, muda uliopatikana katika mabwawa ya juu hurekebishwa kwa mbio za mita 200 na zaidi, na zile fupi huachwa zilivyo. Hakuna kinachozizuia nchi za kanda yetu kukubaliana utaratibu kama huo zinapochagua timu zao. Mwenyeji naye anaweza kupanga mbio ndefu zisiangukie zote siku ya mwisho.

Mashirikisho yetu hayana budi kufanya hesabu zao pia. Burundi ina Gitega, kwenye mita zipatazo 1,500, saa chache tu kutoka ziwani. Tanzania ina Arusha. Kambi fupi ndani ya nchi hugharimu kidogo kuliko hoteli ya Nairobi. Lakini kambi hiyo ina maana pale tu penye bwawa, kwa kuwa mwogeleaji anayekaa wiki tatu nje ya maji hupoteza zaidi ya anachokipata. Jason Dunford, Mkenya aliyekulia Nairobi, alimaliza wa tano katika fainali ya mita 100 za kipepeo mjini Beijing mwaka 2008 baada ya kunolewa katika Chuo Kikuu cha Stanford, California. Mwinuko peke yake haukumfanya bingwa. Alihitaji bwawa, kocha na muda.

Kwa mzazi anayechangisha nauli ya mtoto wake, maswali ya kuliuliza shirikisho ni machache: timu itafika siku gani, watoto wamepimwa damu, na nani ameamua waogelee mbio ngapi? Majibu yakipatikana mwezi mmoja kabla, mtoto atapanda Nairobi akijua kinachomngoja. Yakikosekana, lawama zisimwangukie yeye anapotoka majini akitweta.