Mgeni Njoo, Shule Ipone

Nina neno lililonikaa kooni tangu muhula wa kwanza. Mwenyekiti wa chama chetu cha Kiswahili aliponiomba makala nilidhani nitaandika kuhusu usafi wa mazingira, kama nilivyofanya mwaka jana. Lakini kalamu imekataa katakata. Imetaka kuandika kuhusu Misa, sajili na mwenzangu mmoja ambaye jina lake silitaji kwa kuwa yeye mwenyewe ameniomba nisilitaje.

Kwanza nijitambulishe, asije mtu akasema ati ninapiga vita dini ya shule. Mimi ni Mkatoliki. Nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga, natumikia altareni Jumapili, na nimekuwa katika YCS tangu kidato cha kwanza. Shule hii naipenda. Naipenda hasa mwezi wa Oktoba tunaposali rozari nje, mijakaranda ikitudondoshea maua vichwani, na hata wale watundu wa nyuma wananyamaza. Nikisikia mtu akisema kwamba shule ya Kikatoliki ni shule kama nyingine yoyote ila tu ina sanamu ya Bikira Maria langoni, huwa nakereka sana. Ni lazima iwe na kitu zaidi. Swali langu ni hili: kitu hicho ni kipi, na je, mgeni akiingia atakiona?

Nasema mgeni kwa sababu si sote tulio Wakatoliki hapa. Hii ni shule ya kutwa. Mtoto huletwa hapa kwa kuwa ni karibu na karo yake inapungua ile ya bweni, basi. Darasani mwetu kuna Waanglikana, Wakwekari, Wasabato, Wapentekoste na Waislamu. Na huku kwetu Magharibi katika nchi ya miwa, Waislamu si watu wa kuja jana. Misafara ya wafanyabiashara kutoka Pwani ilikuwa ikifika Mumias tangu karne ya 19, nao wamisionari wa Mill Hill wakaja mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hivyo ukiuliza nani alimkuta nani huku, huenda sisi ndio tulikaribishwa.

Sasa nije kwenye kisa chenyewe.

Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi tuna Misa. Vipindi viwili kabla ya chakula cha mchana hukatwa, viranja huzunguka madarasani kuona kama kuna aliyejificha, na katibu wa kila darasa hubeba sajili. Aliyepo huwekewa alama ya vema. Asiyekuwepo huwekewa X, ambayo sisi darasani huiita "msalaba". Katibu wa darasa letu ni mimi.

Mwaka huu wa 2026 kulitokea jambo ambalo halitokei kila mara. Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 18 Februari, na Ramadhani ikaanza wiki iyo hiyo. Mimi na mwenzangu huyu huwa tunatoka nyumbani pamoja saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi pamoja jioni, mwendo wa kilomita kama sita hivi, na njiani kuna mto. Basi siku zile sote wawili tulikuwa tumefunga, mimi Kwaresima, yeye Ramadhani. Tulikuwa tukitaniana nani atakayeanguka kwanza. Kusema kweli mimi mfungo wangu ulikuwa wa kuacha sukari kwenye chai, na yeye alikuwa hanywi hata maji, lakini aliniheshimu akauita mfungo.

Ilipofika Ijumaa ya tarehe 6 Machi, Misa ilichelewa kuanza kwa kuwa waliotaka kuungama walikuwa wengi. Kwa kawaida mwenzangu huketi kiti cha nyuma mpaka mwisho, kofia yake ikiwa mfukoni, kisha hukimbia msikitini kuiwahi swala ya Ijumaa wakati sisi tunapanga foleni ya githeri. Miaka miwili amefanya hivyo. Nyimbo zetu anazijua kuliko baadhi ya wanakwaya. Siku hiyo saa sita na nusu ilipita na hatujafika hata kwenye matoleo. Nilimwona akiinuka. Aliniangalia, nami nikamwangalia. Akatoka.

Nikaandika X.

Nilijua alikokwenda. Ningeweza kuandika vema, maana kwa zaidi ya saa nzima alikuwapo. Ningeweza kumnong'onezea mwalimu wa zamu. Lakini kiranja alikuwa ananichungulia begani, na mimi nilitaka sajili yangu iwe safi. Jumatatu majina ya waliotoroka Misa yalisomwa kwenye gwaride, la mwenzangu likiwa la tatu. Akapewa kufyeka nyasi nyuma ya maabara siku tano, kwenye jua, akiwa amefunga, na akaambiwa amlete mzazi. Hakumleta. Siku ya tatu hakuja shuleni, na hakuja tena wiki mbili nzima.

Msomaji, umewahi kutembea kilomita sita ukiwa peke yako na dhamiri yako? Jumamosi nilitumwa sokoni nikamkuta mamake, ambaye huuza omena na nyanya. Nikasema, "Habari ya leo, mama." Akanifungia omena za mama yangu kwenye gazeti, akaongeza kidogo kama afanyavyo siku zote, kisha akauliza bila kuniangalia, "Mwanangu, ni wewe uliyemwandika?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Haya. Msalimie mamako." Ningefurahi kama angenitukana.

Mwenzangu alirudi baada ya padre mlezi wetu kuzungumza na mamake, na kwa hilo namshukuru padre. Lakini alikuwa amebakisha kidogo tu aache shule. Mtu ambaye huniokoa katika Hisabati, tena mghani mashuhuri wa chama hiki, alitaka kwenda kuendesha boda boda ya mjombake kwa sababu ya herufi moja niliyoiandika mimi.

Sasa nitoe maoni yangu, na walimu wangu wanisamehe nikiteleza.

Naona tumechanganya mambo mawili: kuwa na imani na kuhesabiwa. Tunadhani kanisa likijaa kwa kuwa sajili ipo, basi imani imejaa. Wapi! Mimi ninayehesabu ndiye ninayejua wangapi wamelala, wangapi wanafanya zoezi la Kemia magotini. Injili ya Mathayo, sura ya 25, inamtaja mwenye njaa, mwenye kiu, mgeni, asiye na nguo, mgonjwa na mfungwa. Nimeisoma tena na tena, na sajili ya Misa simo nilimoiona.

Wala sisemi haya kutoka kichwani mwangu. Katika somo la dini tulifundishwa kuhusu Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Tarehe 28 Oktoba 1965 Papa Paulo wa Sita alitangaza hati juu ya elimu ya Kikristo, nayo inasema shule ya Kikatoliki iwe jumuiya yenye roho ya Injili, roho ya uhuru na mapendo. Siku iyo hiyo ikatangazwa hati juu ya uhusiano na dini nyingine, ambayo inawataja Waislamu kwa heshima. Na tarehe 7 Desemba mwaka ule ule ikatoka ile ya uhuru wa dini, kwamba mtu asilazimishwe kutenda kinyume cha dhamiri yake. Yaani Kanisa lenyewe lilikwisha kulisema jambo hili kabla wazazi wetu hawajazaliwa!

Serikali nayo imesema. Kifungu cha 32 cha Katiba ya 2010 kinakataza mtu kushurutishwa kufanya jambo lililo kinyume na imani yake. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili wa shule, ambaye kwetu ni Kanisa, kazi ya kutunza maisha ya kiroho, lakini papo hapo inamtaka alinde imani za wengine. Sitaki sana kuingilia mambo ya sheria, maana mahakamani ndiko watu huenda wakishashindwa kuongea. Mnaikumbuka kesi ya hijabu kutoka Isiolo, juu ya shule inayofadhiliwa na Kanisa la Methodist? Mahakama Kuu iliamua hivi mwaka wa 2015, Mahakama ya Rufaa ikageuza mwaka wa 2016, Mahakama ya Juu nayo ikageuza uamuzi huo mwaka wa 2019. Msichana aliyekuwa kidato cha kwanza kesi ilipoanza alikuwa amekwisha kumaliza shule. Sisi tuna chumba cha walimu, tuna padre, tuna mti wa kukalia chini yake.

Kuna wanaosema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho: aliyekuja shule ya Kikatoliki alijua alikokuja, basi afuate. Nilikuwa nikiisema methali hiyo mimi mwenyewe. Lakini hebu fikirini. Tunataka kuwa wenye chongo sisi? Mimi nashika ile nyingine, mgeni njoo mwenyeji apone.

Mwalimu mmoja niliyemweleza mawazo haya alinisikiliza vizuri, kisha akaniuliza: "Tukiondoa sajili, nusu ya shule itakuwa sokoni kufikia saa tano. Na mwingine ataamka kesho awe Mwislamu wa Ijumaa moja tu. Utafanyaje?" Sikuwa na jibu la haraka, na mpaka sasa sina jibu kamili. Ijumaa ya kwanza watatoroka watu, tena Wakatoliki ndio watakaoongoza. Ila naona kuna tofauti kati ya kulinda lango na kulinda dhamiri. Yule asiyeingia Misa apewe chumba, mwalimu na kitabu, na aandikwe kwamba yuko shuleni. Wa msikitini aandikiwe ruhusa na mzazi mara moja mwanzoni mwa mwaka, aondoke kwa mlango wa mbele. Mwenzangu mwenyewe aliniambia hataki msalaba utolewe ukutani, wala hataki Misa ifutwe. "Mimi napenda mkisali," alisema. "Nataka tu nisiwe mwizi nikienda kusali mimi."

Lakini hata tukiyatenda hayo, tutakuwa tumeacha kuumiza tu, bado hatujakaribisha. Na hapa ndipo nina wazo ambalo nalipenda kuliko yote.

Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika AMECEA, waliamua katika miaka ya 1970 kwamba Kanisa lijengwe kwa jumuiya ndogo ndogo, majirani wachache wanaojuana. Nyumbani jumuiya yetu hukutana Jumamosi, na mtu akiugua tunajua kabla padre hajajua. Shule za bweni zinaunda jumuiya kwa mabweni. Sisi wa kutwa tunaambiwa hatuwezi, ati kengele ya jioni ikilia tunatawanyika kama kuku. Hatutawanyiki! Tunakwenda kwa njia. Kuna watu wa njia ya mtoni, wa njia ya kiwandani, wa njia ya soko, na wale wa barabara kuu wanaopanda matatu. Jirani yangu hapa shuleni ni yule ninayetembea naye gizani.

Tuunde jumuiya za njia. Kila njia iwe na kiongozi, si kiranja, ambaye kazi yake ni kujua nani hajaonekana siku mbili na kwenda kubisha kwao. Mgeni wa Gredi ya 10 akiripoti siku ya kwanza, aulizwe anakaa wapi, akabidhiwe kwa watu wa njia yake. Asiachwe langoni na sanduku la vitabu, kama nilivyoachwa mimi. Wanaotaka kusali pamoja kwa dakika tano wasali, wasiotaka wangojee hapo kando, kisha safari iendelee kwa wote. Kama tungekuwa na jumuiya ya njia mwezi wa Machi, mwenzangu asingekaa nyumbani wiki mbili bila mtu kubisha kwao. Mimi niliogopa kubisha.

Nigusie kidogo chakula cha mchana, ingawa kuna watakaoona aibu, nami ni mmoja wao. Kabla ya kula tunasimama, kiongozi anaomba Mungu abariki chakula na awakumbuke wasio nacho. Wasio nacho wako wapi? Wako bombani, hatua thelathini kutoka hapo, wakinywa maji kwa kuwa hawakulipa pesa za chakula. Hatuna haja ya kumkumbusha Mungu watu tunaowaona dirishani. Naomba sadaka ya Ijumaa ya kwanza, tunayoipeleka sijui wapi, ianzie bombani.

Wanachama wenzangu wa YCS, najua baadhi yenu mtanuna. Tulishabishana mkutanoni na bado hatujamaliza. Ila nimekwisha kumwomba mwalimu wa darasa, kwa heshima zote, amtafute katibu mwingine wa kubeba sajili ya Misa. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema atafikiri. Ijumaa ijayo nitakuwa altareni kama kawaida. Mwenzangu sijui atakuwa wapi, wala sitageuka kuangalia. Jioni nitamkuta langoni, maana wiki hii mto umejaa.