KWA WAZAZI: Pengo la Jino na Umri wa Mtoto

Baba mmoja ametuuliza neno, nasi twaona ya kuwa lawahusu wazazi wengi. Binti yake ana miaka 13. Meno yake mawili ya juu, yale madogo yanayokaa ubavuni mwa meno makubwa ya mbele, hayakuota kamwe. Picha ya mionzi imeonyesha kwamba hata ndani ya taya hayamo. Shuleni wenzake humcheka, naye amezoea kuziba kinywa kwa mkono kila anaposema. Baba amekusanya fedha. Ataka binti apandikiziwe meno mapya mawili kabla ya masomo kuanza. Mama asema afadhali atiwe waya za kusogeza meno. Je, tumsikilize nani?

Kwanza tuondoe aibu. Kukosa jino namna hii si laana, wala si kosa la mama. Mara nyingi hurithiwa katika ukoo, kama watu wanavyorithi kimo au sura.

Sasa tutazame njia mbili hizi. Kipandikizi ni kama msumari mdogo wa madini ya titani. Mganga wa meno hukitia ndani ya mfupa wa taya, na baada ya miezi kadhaa mfupa hushikamana nacho kabisa. Ndipo hufunga jino la bandia juu yake. Aliyetuonyesha kwamba mfupa hukubali titani ni mganga Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi. Aligundua jambo hilo katika kuchunguza mifupa ya sungura, na mwaka 1965 alimtibu mtu wa kwanza kwa njia hiyo. Ni kazi nzuri, nayo imewasaidia watu wengi.

Lakini hapa ndipo wazazi wengi hudanganyika. Jino la asili halikushikamana na mfupa; limefungwa kwa nyuzi laini, na taya linapokua, jino huenda pamoja nalo. Kipandikizi hakiendi. Hukaa pale pale kilipotiwa, kama jiwe lililojengwa ukutani. Mtoto akikua, meno yake ya jirani hushuka pamoja na taya, na jino lile la bandia hubaki nyuma, likionekana fupi kama limezama katika ufizi. Fedha zimekwisha, na aibu imerudi. Kwa hiyo waganga hungoja hata uso wa mtoto ukome kukua. Kwa wasichana mara nyingi si kabla ya miaka 17 au 18, na kwa wavulana hata miaka 20 au 21. Wala hawakisii tu: hupiga picha za mionzi za uso, na baada ya miezi mingi hupiga nyingine, wakazilinganisha.

Waya, kwa upande wake, hufaa sana katika umri wa binti huyu. Nguvu ndogo isiyokoma husukuma jino. Upande unaosukumwa mfupa huyeyuka polepole, na nyuma yake hujengwa mfupa mpya. Hivyo chonge huweza kuvutwa hata mahali pa jino lililokosekana. Kisha mganga hupunguza ncha yake na kulipaka dawa nyeupe inayokauka na kuwa ngumu, ili lifanane na wenzake. Faida yake ni kwamba jino hilo ni lake mwenyewe, nalo litakua pamoja naye. Lakini kazi hii huchukua miaka miwili au karibu yake, na mtoto lazima apige mswaki kwa bidii kuzunguka waya. Asipofanya hivyo meno huoza. Tena waya zikiisha kuondolewa, atavaa kishikizo, la sivyo meno yatarudi yalikotoka.

Je, kila mtoto afuate njia hiyo? La! Kama chonge ni kubwa mno, au rangi yake ni tofauti sana, au meno ya juu na ya chini hayawezi kukutana vizuri baadaye, mganga aweza kushauri pengo liachwe. Waya hulipanga sawasawa, mtoto huvaa jino la kuvua au jino lililogandishwa kwa meno ya jirani, na kipandikizi hungoja utu uzima. Basi njia hizi mbili si maadui. Pengine moja humtengenezea mwenzake mahali.

Kwa mtu mzima aliyeng'olewa gego bovu, shauri ni jingine. Yeye hana haja ya kungoja kukua. Lakini ufizi wake uponywe kwanza, na kama avuta tumbako au ana ugonjwa wa sukari usiotunzwa, ajue kwamba kipandikizi chaweza kushindwa kushika.

Basi, baba mpendwa, mama ana haki katika jambo moja kubwa: kipandikizi kisitiwe sasa. Zitunze fedha zako. Mpeleke binti kwa mganga aliyesomea meno, wala si kwa fundi wa mtaani, ukamwulize maneno matatu: Taya lake litakoma kukua lini? Chonge zake zaweza kushika nafasi ile? Na tukingoja, atavaa nini katika pengo? Msikilize, kisha mshauriane nyumbani, na binti mwenyewe awepo, kwa maana kinywa ni chake, na mswaki utakuwa mkononi mwake.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, tiba ya binti huyu itachukua miaka. Kuacha kumcheka kwaweza kuanza leo.