Mmea Ukidhoofu Mkebeni

Katika nyua nyingi za Likasi twaona mikebe na ndoo kuukuu zimepangwa mbele ya mlango: humu mna pilipili, humu mna mlimau mchanga, humu mna maua ya kupambia altare. Mara mmea mmoja waanza kudhoofu. Majani yawa manjano, machipukizi yasimama. Mwenye nyumba aunywesha maji. Kesho aunywesha tena. Nao wazidi kufa. Juma hili tuseme juu ya dawa yake, yaani kuuhamisha katika udongo mpya.

Mara nyingi kosa si la mmea, bali la makao yake. Mizizi imejaa mkebe na kujizungusha. Udongo umekwisha nguvu. Au maji hayana pa kutokea, na mizizi yaoza kwa kukosa hewa. Hapo kuongeza maji ni kumnywesha aliyezama.

Wakati mwema ni mvua zinapoanza, Oktoba au Novemba. Katika baridi ya Juni na Julai mimea haikui sana. Lakini mizizi ikioza, usingoje. Nywesha maji siku moja kabla, ukafanye kazi jioni. Inamisha mkebe, shika shina kati ya vidole, gonga kitako. Mizizi iliyo laini na yenye harufu mbaya ikate kwa kisu safi. Iliyojizungusha ifumue polepole. Mkebe mpya uzidi wa kwanza kwa vidole viwili kila upande, wala usikose matundu chini. Usizike shina kupita alama yake ya zamani. Mwagia maji mpaka yatokee chini, kisha uweke kivulini siku saba hata kumi. Majani machache yakianguka, usifadhaike.

Sasa udongo wenyewe, na hapa watu wa Likasi tuangalie sana. Nchi yetu ni nchi ya shaba na kobalti. Mahali pasipoota miti, ila nyasi fupi na lile ua dogo ambalo wataalamu huliita Haumaniastrum katangense, ni dalili ya shaba nyingi, nayo shaba ikizidi hudhuru mizizi. Basi msichukue udongo kando ya machimbo na viwanda, wala mchanga wa mto upokeao maji yao. Si habari ya mmea tu. Mwaka 2009 wataalamu wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza kwamba watu wa Katanga wakaao karibu na machimbo na viwanda vya madini walikutwa na kobalti nyingi katika mkojo, na watoto kuliko wakubwa. Je, tupande lengalenga za watoto wetu katika udongo wa namna hiyo?

Tafuteni udongo mweusi wa juu, mbali na madini. Udongo wa kichuguu pia wafaa, kwa kuwa una chokaa kuliko udongo wa jirani. Lakini ni mzito. Changanyeni vipimo viwili vya udongo, kimoja cha mchanga safi, na kimoja cha samadi iliyooza kabisa, maana samadi mbichi huunguza mizizi. Kazi ikiisha, watoto wanawe mikono.

Katika Injili ya Luka, mwenye shamba alitaka kuukata mtini usiozaa. Mtunzaji aliomba mwaka mmoja zaidi, apate kuuchimbia na kuutia samadi. Hakuutukana mti; aliangalia mahali uliposimama. Wazazi na waalimu, tufanye vivyo hivyo kwa mtoto anayedhoofu darasani. Kabla ya kushika fimbo tuulize: amekula nini, alala wapi, na nyumbani asikia maneno gani? Huenda yeye naye ahitaji udongo mwema, kivuli kidogo, na siku chache za saburi yetu.